Nyumba Yetu Ilipopendeza, Mkopo Ukabisha Hodi

Mwaka 2016 nilipaka nyumba yetu rangi ya maziwa kwa fedha za mchezo. Ilikuwa Oktoba, mvua hazijaanza, na majirani walisimama njiani kuitazama. Kufikia Februari rangi ya chini ya madirisha ilikuwa imebanduka vipande vipande, kama ngozi ya mtoto anayepona surua.

Nikamwita fundi mmoja mzee. Alizunguka nyumba bila kusema neno, akachokonoa ukuta kwa msumari, udongo ukamwagika. Akaniambia, "Mama nesi, mgonjwa ana donda mguuni, wewe umempaka poda usoni."

Nyumba hiyo aliijenga baba watoto mwaka 2003, miaka miwili kabla hatujafunga ndoa. Kama nyumba nyingi za Sumbawanga, ni ya tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo. Tofali tunafyatua na kuchoma wenyewe. Saruji ndiyo inayoumiza mfuko. Nyumba ya namna hiyo hudumu ikiwa kavu. Lakini hapa juu Ufipa, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na mara nyingi huja na upepo. Maji ya bati yakianguka chini huruka na kulamba mistari ya chini ya tofali. Udongo uliomo katikati huyeyuka kidogo kidogo, na rangi haiwezi kuuzuia.

Kwa hiyo Juni 2017, wakati wa kiangazi, tulianza upya kwa kufuata maji yanakopita. Kwanza tuliweka gata kwenye ukingo wa bati na kuyaelekeza maji kwenye tangi. Kisha fundi akakwangua udongo katikati ya tofali za chini, kina cha kidole kimoja, akajaza saruji na mchanga. Akapiga lipu hadi usawa wa mita moja. Mwisho tukamwaga zege kuzunguka nyumba nzima, upana wa sentimita 60, lenye mteremko wa kuyapeleka maji mbali na ukuta. Nyumba yetu ni ya mita 10 kwa 8, na kazi yote ya chini ilikula mifuko 13 ya saruji. Rangi tuliipaka mwaka uliofuata, ukuta ulipokwisha kukauka. Ipo hadi leo.

Niseme pia kama muuguzi: kile chumba cha watoto kilichokuwa kikinuka ukungu kila masika kikawa kikavu, na kikohozi cha usiku kikapungua. Hilo peke yake lilinitosha.

Lakini nyumba iliyopendeza huleta wageni. Mtumishi mmoja aliyehamishiwa hapa alibisha hodi kuuliza kama tuna chumba cha kupangisha. Hakuingia ndani hata kidogo. Alitazama mfereji wa maji, choo, ua na taa ya nje. Kisha dalali naye akaja. Tangu lami ya kutoka Tunduma ifike, watu wanatafuta viwanja mjini na pembezoni, nasi tukaanza kuambiwa kwamba tumekalia mtaji.

Baba watoto, ambaye ni mfanyabiashara wa mahindi, alilishika neno hilo. Jioni moja mwaka 2018 alikuja na fomu za mkopo. Mthamini alikwisha kuiona nyumba na kuipa thamani ambayo hatukuiota. Mpango wake ulikuwa tuweke hati rehani, tununue viwanja viwili upande wa Chanji, na kilichobaki kiingie kwenye mahindi. Hati ilikuwa na jina lake peke yake, lakini fomu ilikuwa na nafasi ya sahihi yangu. "Weka hapa tu," aliniambia, "ni utaratibu."

Si utaratibu tu. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, haikubali nyumba ya ndoa iwekwe rehani bila idhini ya mwenzi, hata kama hati ina jina la mmoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inaulinda ukaaji wa mke na mume katika nyumba yao. Sahihi yako ndiyo mlango wa mwisho. Ukishaufungua, na marejesho yakakwama, mkopeshaji anatoa notisi ya siku 60, na baada ya hapo nyumba inaweza kuuzwa.

Nilizisoma fomu mara tatu. Viwanja havikunitisha; hata yule mwanamke anayesifiwa katika Mithali sura ya 31 alikuwa mnunuzi wa shamba. Kilichonitisha ni kwamba marejesho yalitakiwa kila mwezi, na mahindi huvunwa mara moja kwa mwaka. Tena mwaka 2017 tu Serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, bei ikaanguka, na gunia zetu zikakaa stoo. Nikakataa kutia sahihi.

Wiki tatu zilizofuata hazikuwa nzuri nyumbani kwetu. Chakula kililiwa kimya. Mama mkwe aliletwa kutoka kijijini aje anisemeshe. Nilimwonyesha hesabu kwenye daftari, mwezi kwa mwezi, kuanzia Januari hadi Juni ambapo hakuna kinachoingia isipokuwa mshahara wangu. Alikaa nalo muda mrefu, kisha akamwambia mwanawe kwa Kifipa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Daftari hilo lina historia yake. Katika huduma yetu ya kutembelea wafiwa kanisani, nilimjua mama mjane ambaye ndugu za marehemu walitaka atoke, wakisema nyumba ilijengwa kabla hajaolewa. Yeye alitoa mfuko wa risiti: bati, saruji, fedha za fundi, vyote kutokana na maharage yake. Wazee wa ukoo walizipitia moja moja, na kikao kikaisha. Wengi wetu hatujui kwamba katika Sheria ya Ndoa, wakati wa kugawana mali ndoa inapovunjika, mali ambayo mmoja aliimiliki kabla huhesabiwa pamoja na ya ndoa ikiwa mwenzake ameiboresha kwa kiasi kikubwa. Na Sheria ya Ardhi inamtambua mwenzi aliyechangia kwa kazi yake kuitunza na kuiboresha ardhi yenye jina la mwenzake. Wala si fedha tu. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za mke nyumbani nazo ni mchango. Lakini risiti husema haraka kuliko wakili. Nunua daftari, dada yangu. Andika tarehe, kitu, bei na nani aliyelipa.

Tulichofanya sisi ni hiki. Vyumba viwili vya nyuma tulivitolea mlango wake na choo chake, tukapangisha. Kodi hiyo na akiba yangu ya ushirika vilitununulia kiwanja kimoja mwaka 2020, badala ya viwili. Baba watoto hakufurahi sana. Kiwanja kile cha pili, kama anavyonikumbusha hadi leo, bei yake imepanda, na hapo hakosei. Nami humkumbusha kwamba tunabishana tukiwa ndani ya nyumba yetu.

Mwaka 2021 yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda ofisi ya ardhi kuulizia jinsi ya kuweka majina mawili kwenye hati. Imetoka, ipo sandukuni pamoja na daftari. Gata la upande wa jikoni limeanza kuvuja tena. Fundi anakuja Jumamosi, na saruji mifuko miwili imekwisha andikwa.