Usiwache wera, ipinde kidogo

Gikosh, soko ya mitush, alfajiri, bale inapasuliwa. Wasee wamezingira, kila mtu anadai kamera, zile nguo za kwanza safi, juu ukichelewa unabaki na fagia. Sasa kuna boyz mmoja hapo hapigangi kelele. Anawasha tochi ya simu, anapindua kola acheki kama imekula jasho, anavuta zipu, anagusa mshono. Akimaliza, rundo lake liko top. Lakini mpe kazi ya kuita makastoma, maze, ataboeka hadi aanze kuscroll. Beste yake naye ni mdomo tupu. Macho hana, blauzi yenye tundu anaibuy tu, ila mtush akishika mkononi unauzika na vicheko. Siku waligawana wera, mmoja kuchagua, mwingine kuuza, stoki ilianza kuisha mapema.

Mwalimu alimwambia huyo wa mdomo akae kimya miaka yote ya skul. Hiyo kitu alikuwa anakemewa ndio inamlipia keja.

Kuna masayantisti wawili wa Marekani, Christopher Peterson na Martin Seligman, mwaka wa 2004 walitoa kitabu kinono wakapanga nguvu za tabia 24: udadisi, ucheshi, roho safi, kutokata tamaa, kuona uzuri wa kitu, na zingine. Story yao ni kwamba kila msee ako na chache ambazo ni zake kabisa, akizitumia anaskia ako hai. Mimi ndio najua yako? Cheki tu ni saa gani ukiwa job unasahau simu.

Na usikimbie kuandika barua ya kuwacha. Mwaka wa 2001 Amy Wrzesniewski na Jane Dutton waliandika kuhusu watu wa usafi kwa hosi. Wengine walipiga deki, wakaenda home. Wengine, bila mdosi kuwatuma, walibonga na wagonjwa, wakasaidia wageni, wakajiona ni mbogi ya wanaoponya. Mopu ni ile ile, ila siku zao hazikuwa sawa.

Lakini tusidanganyane: kama mdosi hakulipi, huo ucheshi wako haulipi rent. Huyo toroka.

Wengine wetu tuanze mosmos, kitu kidogo kwa hiyo hiyo wera. Kama dem wa M-Pesa mwenye roho ya kufunza. Shosho akija na meseji feki ati ametumiwa doo kimakosa arudishe, hamwambii tu ni wezi. Anafungua simu, anamwonyesha salio halijasonga, anamwonyesha namba iliyotuma ni ya msee wa kawaida. Komisheni ni ile ile. Lakini mashosho wa ploti nzima wanaruka maduka mengine mawili ndio wamfikie, na kila mmoja anakuja na swali lake.