Barua ya Makka Iliyoingia Lindi 1908: Nini Maana ya Kumtegemea Allah?

Mwezi Julai 1908 ilienea katika mji wa Lindi barua iliyodaiwa kutoka Makka. Aliyetajwa ndani yake ni Sheikh Ahmad, mtumishi wa kaburi la Mtume (s.a.w.) huko Madina, kwamba amemuona Mtume ndotoni na kupewa onyo: Waislamu wameiacha dini yao, Kiyama kimekaribia, basi watubu. Barua ikanakiliwa kwa mkono na kusambaa pwani hadi bara. Maafisa wa Kijerumani wakahofu uasi mwingine, na wakamshuku Muhammad bin Khalfan al-Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza, kuwa ndiye aliyeisambaza.

Kwa nini ilipokewa upesi hivyo? Ndugu msomaji, tazama hali ya watu. Miaka mitatu tu nyuma, Julai 1905, vita vya Maji Maji vilianzia kwenye vilima vya Umatumbi, katika nchi ya Kilwa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji yaliyoaminiwa kuzigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Yeye mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, na watu wakaendelea kufa mbele ya bunduki. Kisha Wajerumani wakachoma mashamba na maghala, ikaja njaa iliyoua wengi kuliko risasi. Hatusemi haya kuwadharau wazee wetu, waliokuwa wamedhulumiwa kwa kodi na kwa kulimishwa pamba. Lakini aliyefikwa na dhiki kama ile hukishika chochote anachopewa, kiwe chupa ya maji au karatasi.

Wito wa kutubia ni wa haki wakati wowote. Tatizo ni hoja iliyotumika. Imam An-Nawawi, ambaye vitabu vyake ni tegemeo la madhehebu ya Shafi ya watu wa pwani yetu, ametoa mfano katika Al-Majmuu: usiku wa kuamkia tarehe 30 Shaaban mwezi haukuonekana, kisha mtu akamuota Mtume (s.a.w.) akimwambia kuwa Ramadhani imeingia. Saumu haisihi kwa ndoto hiyo, si kwa aliyeota wala kwa mwingine. Ikiwa ndoto haithibitishi siku moja ya funga, itathibitishaje tarehe ya Kiyama?

Tawakkul ni moyo kumtegemea Allah (s.w.) huku viungo vikishika sababu alizoziweka Yeye. Umar bin Al-Khattab (r.a.) alipofika Sargh akiwa njiani kwenda Sham, akapata habari ya tauni, alirudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Akajibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Kujiepusha kuingia penye maradhi ni sababu inayojulikana. Kunakili karatasi ili usipatwe na msiba si sababu ya kisharia wala ya kimaumbile.

Barua ya Sheikh Ahmad bado inazunguka, kwa fotokopi na kwa ujumbe wa simu, nayo siku hizi huahidi mali kwa mwenye kuisambaza na msiba kwa anayeipuuza. Mwenye kuletewa halazimiki kuinakili, wala hana dhambi akiikatia kwake. Ikiwa imeandikwa jina la Allah au aya, asiitupe jalalani, bali aichome au aifukie mahali safi.