Udhu wako umeshatimia, funga mfereji

Kuna mtu anasoma hapa ambaye leo asubuhi alifunga mlango, akashuka ngazi, akarudi kuuangalia, akashuka, akarudi tena. Kuna mwingine amenawa mikono mpaka ngozi imepasuka. Na kuna yule ambaye imamu alishafika rukuu, yeye bado anarudia takbiri ya kwanza. Kama ni wewe, keti hapa. Hii ni yako.

Mimi nimekulia Kibokoni, kwenye vichochoro ambavyo jirani akipiga chafya unamwombea rehema kupitia dirishani. Siri huku haikai. Lakini yangu niliificha miaka minne.

Ilianza na udhu. Naosha mkono wa kulia mara tatu kama tulivyofunzwa madrasa, halafu moyo unauliza: maji yalifika kwenye kiwiko kweli? Narudia. Je, nia niliitia? Naanza upya. Kazi ya dakika tatu ikawa ya dakika arubaini. Watu wanatoka msikitini, swala imekwisha, mimi niko kwenye mfereji nimeroa mpaka magotini.

Na maji ya mji wetu unayajua. Mifereji ikikauka, tunangoja mkokoteni wa mitungi ya lita 20. Mamangu akinunua mitungi minne ya nyumba nzima, mimi peke yangu namaliza miwili. Hakunigombeza. Alianza tu kuificha mingine chumbani kwake na kufunga mlango. Wallahi, afadhali angenitukana.

Chuoni nikawa nafika kwenye mtihani nusu saa imepita. Mwishowe nikaacha masomo. Marafiki niliwaambia ni karo. Haikuwa karo.

Huku kwetu utaambiwa, “huyu ana wasiwasi,” na watu wacheke. Hospitalini wanauita OCD. Si usafi wa kupitiliza, na si uhaba wa imani. Katika kila watu 100, mmoja hadi watatu hupatwa nao maishani, wawe Waislamu, Wakristo au wasio na dini. Kwa wengine si maji kabisa: ni kuhesabu, kuangalia gesi mara kumi, au kujiwa na mawazo machafu yasiyotakiwa, ya kumkufuru Mungu au kumdhuru mtu unayempenda. Ukijiwa na hayo, shika hili: wazo si nia. Yanakutisha kwa sababu huyataki.

Unavyofanya kazi ni hivi. Shaka inakuja, unaogopa, unarudia kuosha, unapata nafuu kidogo. Ile nafuu ndiyo mtego. Ni kama paka wa Mji wa Kale: mpe samaki mlangoni leo, kesho atarudi na wenzake.

Nilizunguka kabla ya kujua haya. Nilisomewa, nikanywa kombe. Zahanati moja ikanipa vidonge vya usingizi, basi nikawa nalala vizuri na kuamka kuosha. Aliyenifungua macho ni shekhe mmoja mzee wa mtaani, aliyeniona kwenye mfereji siku nyingi. Aliniambia, “Mwanangu, yakini haiondolewi na shaka. Ukishatawadha, umetawadha. Mwenye maradhi haya harudii. Na maradhi yana madaktari, nenda.”

Usidhani ni mambo ya kizungu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na nafsi, akauweka wasiwasi kando na hofu, hasira na huzuni, kama tatizo lenye tiba yake. Miaka elfu moja na zaidi baadaye, mwaka 1966, mwanasaikolojia Victor Meyer wa London alieleza jinsi alivyowatibu wagonjwa wawili kwa kuwazuia wasirudie matendo yao. Hapo ndipo ilipoanzia tiba inayotumika sana leo: unakutana na kile unachokiogopa, kidogo kidogo, na hurudii.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kushika kitasa cha mlango na kukaa dakika kumi bila kunawa. Kumi tu, na nilitokwa na jasho kama niko Likoni foleni ya feri saa saba mchana. Kisha nikapewa kopo moja la udhu, likiisha limeisha. Imepokewa kuwa Mtume alitawadha kwa kibaba kimoja, maji yasiyofika lita moja. Mimi nilikuwa namaliza lita 40.

Wengine huongezewa dawa kama fluoksetini. Nayo si panadoli. Inaweza kuchukua wiki 8 hadi 12 kuonyesha kazi yake kamili, na usiiache ghafla bila kumwambia daktari.

Mamangu naye alipewa kazi. Nilikuwa namuuliza mara ishirini kwa siku, “Mama, hii ni safi?” na kila mara ananijibu ni safi. Alidhani ananisaidia, kumbe alikuwa anamlisha yule paka. Siku hizi akiulizwa anasema, “Hilo sijibu, mwanangu. Chai iko mezani.” Kama una ndugu au mwenzio mwenye hali hii, fanya hivyo hivyo, kwa upole, baada ya kukubaliana naye.

Sasa uanzie wapi? Hesabu muda unaoutumia kwa siku. Ukizidi saa moja, au ukikuharibia masomo, kazi au ibada, ni wakati wa kwenda. Hospitali ya Port Reitz kule Changamwe ina kitengo cha afya ya akili. Ni matatu tu, unavuka Makupa. Ukifika usiseme “nina stresi.” Sema unavyorudia, mara ngapi, na unaogopa nini usiporudia. Ukizidiwa usiku, Msalaba Mwekundu wa Kenya wana laini ya bure, 1199. Piga.

Sikudanganyi kuwa nimepona kabisa. Jana nilirudia mkono wa kushoto. Mara moja, kisha nikafunga mfereji na kuingia msikitini moyo ukipiga kelele. Niliiwahi rakaa ya kwanza.

Na mitungi siku hizi inakaa jikoni. Mama ameacha kuificha.