Msikiti Mkuu wa Kilwa: Nani Aliujenga?

Wengi wetu tuishio mijini tunaijua Kilwa kwa kuisoma darasani tu. Mwandishi wa makala haya naye alikuwa miongoni mwa hao, hadi alipofunga safari na jamaa yake kwenda kuiona.

Baada ya kupata kibali Kilwa Masoko, mashua ilituvusha hadi Kilwa Kisiwani. Kwanza tulionyeshwa Gereza lililo ufukoni, ngome iliyoanzishwa na Wareno mwaka 1505 na kujengwa upya baadaye na Waarabu wa Oman. Kisha tukafika Msikiti Mkuu. Mwanangu wa miaka tisa akauliza, "Baba, na huu waliujenga Wareno?"

Nikatahayari. Mzee aliyetuongoza ndiye aliyejibu: "La, mjukuu wangu. Wareno waliukuta. Walioujenga ni watu wa pwani hii."

Akatuonyesha kuta. Mawe yake ni matumbawe, na kilichoyashikamanisha ni chokaa. Sehemu ya kaskazini, iliyo ndogo, ndiyo ya kale zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliupanua msikiti kuelekea kusini na kuuezeka kwa kuba. Nguzo za awali, zilizochongwa kwa matumbawe, hazikuhimili uzito, na paa likaanguka. Katika karne ya 15 mafundi wakasimamisha nguzo za kujengwa zenye pande nane, ambazo twaziona leo. Walikosea, wakajifunza, wakajenga tena.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika hapa. Aliandika kwamba siku moja ya Ijumaa, Sultani akitoka kuswali, fakiri kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa, naye akampa papo hapo. Fakiri huyo hatimaye alipewa pia watumwa na pembe za ndovu. Ukarimu huo tusiusimulie bila kuwakumbuka binadamu waliotolewa zawadi kama mali. Utajiri wa mji ulitokana na biashara, hasa ya dhahabu ya Sofala; na mwaka 1505 Wareno wakauteka na kuupora.

Magofu haya yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliorodheshwa kuwa hatarini, na baada ya kazi kubwa ya ukarabati yakaondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Basi mgeni asipande kuta, wala asiokote jiwe la ukumbusho. Avae kwa heshima pia, kwani kisiwani humo wanaishi watu, nao wana mila zao.

Tulipokuwa tukirudi, mwanangu alikaa kimya akihesabu vidole. Mwishowe akasema, "Baba, tangu yule msafiri aje hadi Wareno wauteke mji ni miaka 174. Kumbe walichelewa sana!"

Mwenye mashua akacheka. Mimi nilifurahi kwamba swali lake lilikuwa limepata jibu.