Nia za Wapelelezi na Njia ya Ugogo: Namna ya Kufundisha Safari za Wazungu Katika Nyanda za Kati

Katika masomo ya historia yanayofundishwa Tanzania, wapelelezi, yaani Wazungu waliosafiri bara katika karne ya 19 ili kuchunguza na kuandika habari za maziwa, mito, watu na mali za nchi, huwekwa pamoja na wamisionari na wafanyabiashara katika kundi linaloitwa mawakala wa ukoloni, na mwanafunzi hutakiwa kueleza jinsi kila wakala alivyoutayarishia njia utawala wa kigeni. Mpangilio huo una ukweli mwingi, lakini unachanganya mambo mawili yanayostahili kutenganishwa, nayo ni nia na matokeo. Nia ni kile alichokikusudia msafiri, au aliyemgharimia, wakati safari inaanza. Matokeo ni yale yaliyofuata, ambayo mara nyingi msafiri mwenyewe hakuyaona wala hakuyapanga. Mwanafunzi anayekariri kwamba Burton, Stanley na Peters wote walikuja kutawala atapata alama zake za mtihani, lakini hataweza kueleza kwa nini wa kwanza aliwalipa ushuru watemi wa Ugogo mwaka 1857 na wa mwisho akavichoma vijiji vya Wagogo mwaka 1890.

Swali hilo linafundishika vizuri zaidi Dodoma kuliko mahali pengi, kwa kuwa wasafiri hao watatu walipita katika nchi moja na kukutana na utaratibu mmoja. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikavuka nyika kavu ya Marenga Mkali na kuingia Ugogo, kisha ikakata pori la Mgunda Mkali hadi Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, na kuendelea mpaka Ujiji. Ugogo ulikaa katikati ya nyika hizo mbili, nao wenyewe ni nchi ya mvua ya msimu mmoja, ambayo kwa mwaka ni takriban milimita 500 hadi 600 na hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Msafara wa mamia ya wapagazi, yaani watu waliobeba mizigo kwa ujira na ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, haukuweza kuvuka nchi hiyo bila kununua uwele na mtama na bila kuruhusiwa kuteka maji katika visima vilivyochimbwa na kutunzwa na wenyeji.

Kutokana na hali hiyo palistawi malipo yaliyoitwa hongo, neno ambalo wakati huo lilikuwa na maana ya ushuru wa njia uliolipwa kwa mtemi, mtawala wa eneo, kabla ya msafara kuruhusiwa kuendelea. Hongo ililipwa kwa vitambaa vya merikani na kaniki, kwa shanga na kwa waya wa shaba, na kiasi chake kilijadiliwa kwa siku kadhaa kati ya wajumbe wa mtemi na wakubwa wa msafara. Burton alimkuta mtemi Magomba katika nchi ya Kanyenye, na Stanley, aliyepita mwaka 1871, naye alilipa hongo kwa Magomba huyohuyo. Wazungu hao waliandika kwa hasira kwamba walinyang'anywa mali, na hasira hiyo imerudiwa katika vitabu vingi kana kwamba ni maelezo ya tabia ya Wagogo. Ukweli ni kwamba wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Wanyamwezi walilipa vilevile, na mtawala anayetoza ushuru kwa matumizi ya maji machache ya nchi yake alikuwa akifanya kazi ya kawaida ya utawala. Hapa mwanafunzi anajifunza jambo la kwanza la msingi, kwamba hata wenyeji walikuwa na nia zao, na kwamba safari za wapelelezi zilifanikiwa au zilikwama kwa kutegemea nia hizo.

Jambo la pili ni kuuliza nani alilipa gharama. Richard Burton na John Hanning Speke walitumwa na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London, iliyoanzishwa mwaka 1830, na serikali ya Uingereza ikachangia pauni 1,000. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuthibitisha mipaka ya bahari ya bara ambayo wamisionari Rebmann na Erhardt walikuwa wameichora kwenye ramani kwa kutegemea habari za wasafiri wa pwani, na kazi ya pili ilikuwa kuchunguza bidhaa za bara zinazoweza kusafirishwa nje na desturi za watu wake. Katika maagizo hayo elimu na biashara zimekaa pamoja tangu mwanzo, wala haifai kumwambia mwanafunzi kwamba moja ni ya kweli na nyingine ni kisingizio. Tena ifahamike kwamba walioitwa wavumbuzi waliongozwa hatua kwa hatua na watu wanaoijua njia, akiwemo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto na kupelekwa India, ambaye baadaye alisafiri na wapelelezi Burton, Speke, Grant, Stanley na Cameron, na ambaye jumuiya hiyohiyo ilimtunuku nishani ya fedha.

Stanley aligharimiwa na gazeti la New York Herald, lililotaka habari ya kusisimua ya kuuza magazeti, na habari hiyo ilikuwa Livingstone, mmisionari na mpelelezi aliyekuwa hajulikani alipo, ambaye Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871. Mhariri wa gazeti hilo hakuhitaji eneo lolote la Afrika. Hata hivyo, kuanzia mwaka 1879 Stanley aliingia katika utumishi wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji huko Kongo, na ujuzi alioupata katika safari za gazeti ukawa mtaji wa ukoloni wa kikatili kuliko mwingi uliojulikana. Nia ya mtu mmoja inaweza kubadilika akibadilika mlipaji, na mwalimu asipolieleza hilo, maisha ya Stanley hayaeleweki.

Carl Peters ni wa aina nyingine kabisa. Mwishoni mwa mwaka 1884 alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya mikataba ya kuwanyang'anya watawala ardhi yao, na tarehe 27 Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikaitolea hati ya ulinzi. Alipopita Ugogo mwaka 1890 akirudi kutoka Uganda, alipigana na Wagogo, akachoma vijiji na kuteka ng'ombe, kisha akayaandika hayo kwa majivuno. Haiwezekani kumweka Peters katika sentensi moja na Burton bila kuupotosha ukweli, ingawa ni kweli pia kwamba alitembea katika nchi ambayo vitabu na ramani za Burton, Speke na Stanley zilikwisha kuifungua kwa macho ya Ulaya. Katika utawala wa Wajerumani hongo ilikomeshwa, na kuanzia mwaka 1898 ikaja kodi ya nyumba: mgeni aliyekuwa akimlipa mwenyeji sasa akawa analipwa naye.

Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, limeondoa kizuizi kimoja kikubwa, kwa sababu ushahidi wa upande wa pili upo katika lugha hiyohiyo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyetumia njia hiyohiyo kwa biashara ya pembe, aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili, na Mathias Mnyampala, Mgogo na mshairi, alitoa mwaka 1954 kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Walimu wa Dodoma, Mpwapwa na Manyoni wanaombwa wawape wanafunzi maandishi hayo kando ya maelezo ya Burton na Stanley, wawatume kwa wazee wao kuuliza habari za watemi, visima na hongo, na katika kila maelezo wawadai majibu ya maswali matatu: aliyeandika alilipwa na nani, aliandika ili asomwe na nani, na ni nani aliyekuwepo njiani ambaye hakutajwa.