Toroli ya umeme si mkokoteni: Wenye maghala, lindeni miguu ya vibarua

Na Mwandishi Wetu

KATIKA maghala mengi ya mazao na bidhaa hapa nchini, mgongo wa kuli bado ndiyo mashine kubwa kuliko zote. Gunia la mahindi la kilo 100, gunia la korosho la kilo 80, mfuko wa saruji au wa mbolea wa kilo 50, vyote hushuka kwenye lori na kuingia ghalani juu ya mabega ya watu wanaolipwa kwa siku au kwa idadi ya mizigo.

Kazi hiyo ina gharama yake. Tangu mwaka 1967, Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipendekeza kuwa mzigo unaobebwa na mwanamume mmoja mtu mzima usizidi kilo 55. Kila mwenye ghala anajua kuwa kiwango hicho huvukwa kila siku, na kwamba kuli mwenye umri wa miaka 40 mara nyingi tayari analalamika kiuno.

Ndiyo maana mfanyabiashara anapoanza kupanuka, hutafuta mashine. Ya kwanza kununuliwa mara nyingi huwa toroli ya paleti, yaani ile yenye meno mawili marefu yanayoingizwa chini ya paleti ya mbao, kuinua mzigo kidogo kutoka sakafuni na kuusogeza. Ipo ya kuvuta kwa mkono na ipo inayotumia betri. Hii ya betri ndiyo tunayoizungumzia leo, kwa sababu inaokoa migongo ya watu, lakini isipotumiwa vizuri inavunja miguu yao.

Tatizo kubwa linatokana na umbo lake. Foklifti ni kubwa, ina kiti na usukani, na kila mtu huiogopa. Toroli ya umeme ni fupi, haina kelele, na mwendeshaji hutembea nayo kwa miguu akiwa ameshika mpini. Anayeiona mara ya kwanza hudhani ni mkokoteni uliowekewa betri, kwa hiyo yeyote aliye karibu huambiwa aichukue na kusogeza mzigo.

Hapo ndipo kosa linapoanza. Mkokoteni ukiacha kuusukuma katika sakafu tambarare, unasimama. Toroli ya umeme husukumwa na mota yake yenyewe. Mashine peke yake, bila mzigo, ina uzito wa mamia ya kilo, na ikibeba mzigo wake kamili inaweza kufikia zaidi ya tani mbili. Ikimkuta mtu kati yake na ukuta, mtu huyo hawezi kuizuia kwa mikono.

Mpini ndiyo breki

Mwendeshaji anapaswa kuufahamu mpini kabla ya kitu kingine chochote. Katika mashine nyingi za aina hii, mpini ukisimama wima au ukilazwa chini kabisa, breki hukamata. Mashine hutembea pale tu mpini unapokuwa katikati. Mwendeshaji akiteleza au akiuachia, springi huurudisha juu na mashine husimama yenyewe.

Kwenye kichwa cha mpini kuna kitufe kikubwa, mara nyingi chekundu, kinachoelekea tumboni mwa mwendeshaji. Akibanwa kati ya mashine na ukuta au rundo la magunia, kitufe hicho hugusa mwili wake na mashine hurudi upande wa pili. Pia ipo swichi ya dharura ya kukata umeme wote.

Vitu hivyo vitatu, yaani springi ya mpini, kitufe cha tumboni na swichi ya dharura, vijaribiwe kila asubuhi kabla ya kazi, bila mzigo na mahali pa wazi. Kazi hiyo haimalizi dakika tano. Kimojawapo kisipofanya kazi, mashine isitumike siku hiyo hadi fundi aitazame. Mwenye ghala akiona mpini umefungwa kamba ili usirudi juu, au kitufe kimezibwa kwa gundi ya karatasi kwa sababu "kinasumbua", ajue kuwa mashine hiyo haina tena kinga yoyote.

Hesabu ya uzito

Kila toroli ina kibao kinachoonyesha mzigo wake wa mwisho. Tuseme kibao kimeandikwa kilo 1,500 na mfanyabiashara ana mbolea ya mifuko ya kilo 50. Wengi watapiga hesabu ya haraka: mifuko 30 ni kilo 1,500, basi tupakie 30. Hesabu hiyo imesahau paleti yenyewe. Paleti ya mbao inaweza kuwa na kilo 20 hadi 25 au zaidi, kwa hiyo mzigo umeshazidi.

Ikiwa mifuko inapangwa mitano kila safu, ni afadhali kuishia safu ya tano. Hiyo ni mifuko 25, sawa na kilo 1,250, na ukiongeza paleti bado uko ndani ya kiwango. Tofauti ya safu moja haiwezi kumfilisi mtu, lakini inasaidia breki kushika na mwendeshaji kuona mbele.

Kwa mazao ya shambani kuna jambo jingine, nalo ni lumbesa. Gunia lililojazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba juu halimwibii mkulima peke yake. Likifika ghalani linaharibu hesabu ya uzito, kwa kuwa hakuna anayejua kama lina kilo 100, 120 au zaidi. Tena kwa kuwa ni la mviringo, halilali sawasawa juu ya jingine. Toroli ikikata kona, gunia la juu ndilo linaloanguka, na huangukia upande aliko mtu. Magunia yapangwe kwa kupishana kama matofali, na mzigo mrefu ufungwe kamba au uzungushiwe nailoni kabla haujasogezwa.

Meno nayo yaingie chini ya paleti mpaka mwisho. Paleti iliyobebwa kwa ncha za meno huinama, na mbao iliyooza au yenye misumari iliyochomoza huvunjika njiani. Paleti mbovu itengwe na isirudishwe kazini kabla ya kutengenezwa.

Miguu kwanza

Mwendeshaji wa toroli hii huwa anatembea karibu kabisa na magurudumu. Ndiyo maana mguu huwa wa kwanza kuumia. Kandambili na raba hazifai katika kazi hii. Kinachotakiwa ni buti zenye chuma mbele ya vidole, na anayepaswa kuzinunua ni mwajiri, si kibarua anayelipwa kwa siku.

Akiwa anasafirisha mzigo, mwendeshaji atembee mbele kidogo na pembeni ya mashine, huku mzigo ukimfuata, na macho yake yaelekee anakokwenda. Asitembee kinyumenyume akiwa anaitazama mashine. Kama hana budi kurudi nyuma, aangalie kwanza kama nyuma yake hakuna ukuta, nguzo wala rundo la magunia. Asipande juu ya mashine isiyokuwa na jukwaa la kusimamia, wala asimpakie mwenzake juu ya mzigo. Anapofika kwenye kona au mlangoni apunguze mwendo na apige honi, kwa kuwa mashine haina mngurumo wa kumwonya aliye upande wa pili.

Njia za mashine zichorwe kwa rangi sakafuni, na mama lishe, madereva na wateja wasipite humo. Katika maghala yetu watu huingia kununua, kupima, kudai na kusalimia. Mtu wa nje hajui mashine inatokea wapi.

Mteremko na tela la lori

Ajali mbaya huweza kutokea penye mteremko. Kanuni ya kukumbuka ni moja: mtu asiwe upande wa chini wa mzigo. Kwa toroli ya kutembea nayo, mwendeshaji awe upande wa juu wakati wa kupanda na wakati wa kushuka, na asikate kona katikati ya mteremko. Anayezoea foklifti ya kukaa asichanganye mambo, kwa sababu foklifti yenye mzigo huendeshwa mzigo ukiwa upande wa juu. Kitabu cha mashine husika ndicho kinachotoa maelekezo ya mwisho, na kisomwe kwa lugha ambayo mwendeshaji anaielewa.

Pale mashine inapoingia ndani ya lori kupitia jukwaa la kupakilia, lori lazima liwe limezimwa, limevutwa breki ya mkono na kuwekewa kabari kwenye matairi. Dereva ashuke na funguo zake. Bamba la chuma linalounganisha jukwaa na lori liwe imara na liweze kubeba mashine pamoja na mzigo. Lori likisogea hata nusu mita wakati toroli iko juu ya bamba, mashine na mtu wake huanguka pamoja.

Betri nayo ina hatari

Betri za kawaida za maji na tindikali hutoa gesi ya haidrojeni zinapochajiwa. Gesi hiyo ikijikusanya hewani na kufikia asilimia nne, cheche moja inatosha kuilipua. Chumba cha kuchajia kiwe na madirisha ya kupitisha hewa, mtu asivute sigara humo, na mbolea au mafuta yasihifadhiwe hapo. Chaja izimwe kwanza ndipo nyaya zichomolewe.

Maji yaliyosafishwa huongezwa baada ya kuchaji, si kabla, isipokuwa kama sahani za ndani zimeanza kuonekana. Tindikali ikimrukia mtu, paoshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, na kama ni machoni apelekwe hospitali haraka.

Sheria inamgusa nani?

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuweka mazingira salama ya kazi, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) ndiyo husajili na kukagua sehemu za kazi. Wapo wanaodhani kuwa hayo ni ya viwanda vikubwa tu. Ghala la chama cha ushirika na stoo ya mfanyabiashara wa jumla nazo ni mahali pa kazi.

Aidha, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtu aliye chini ya miaka 18 katika kazi za hatari. Kijana wa likizo, hata kama ni mtoto wa mwenye ghala, asikabidhiwe mpini.

Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), uliotokana na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na kuanza kupokea michango mwaka 2015. Mchango huo hutolewa na mwajiri na haukatwi kwenye mshahara wa mfanyakazi. Mwajiri anayeukwepa anajiwekea deni, kwa sababu siku ajali itakapotokea atatakiwa kujieleza yeye mwenyewe.

Kabla ya kununua

Kabla ya kutoa fedha, mfanyabiashara aangalie sakafu yake. Magurudumu ya toroli hizi ni madogo. Yanahitaji zege laini, na kwenye changarawe au zege lenye mashimo yatakwama na kumwaga mzigo. Ajue pia kuwa toroli ya kawaida huinua mzigo kiasi cha sentimita 20 tu. Kama ghala halina jukwaa lililo sawa na tela la lori, mashine haitamsaidia kupakia, na makuli wataendelea kuhitajika kama zamani. Anayesogeza paleti chache kwa siku, umbali mfupi, toroli ya mkono yaweza kumtosha.

Akinunua ya mtumba, adai kuona mpini, kitufe cha tumboni na swichi ya dharura vikifanya kazi mbele yake, na ahakikishe kibao cha uzito hakijafutika. Mafunzo yawe sehemu ya bei. Amwombe muuzaji alete mtu wa kufundisha, au aulize katika vyuo vya ufundi stadi. Baada ya hapo achague waendeshaji wawili au watatu, aandike majina yao ukutani, na funguo ikae kwao tu. Nchini Marekani, sheria inataka mwendeshaji wa mashine za aina hii apimwe upya uwezo wake angalau kila baada ya miaka mitatu. Mwenye ghala wetu anaweza kuiga hilo bila gharama kubwa.

Gharama ya buti, rangi ya sakafuni na siku chache za mafunzo huonekana kubwa siku ya kununua mashine. Ilinganishwe na siku ambayo mguu umekanyagwa: lori linasubiri, kazi imesimama, bili ya hospitali inakuja, na wakaguzi wanauliza maswali. Mwenye ghala atapata hasara na huenda ataifidia msimu ujao. Kibarua hana ghala wala shamba la kuuza, na mguu wake ndio mtaji alioutegemea kulisha watoto. Kabla ya kumkabidhi mtu mpini kesho asubuhi, mwenye ghala amuulize swali moja: nani alikufundisha? Akikosa jibu, funguo ibaki mfukoni.