Marefa Wawili, Macho Manne



Vikundi vingi vya kujisaidia vina timu ya vijana, na palipo na uwanja wa saruji na nguzo mbili, mpira wa vikapu haukosi. Mechi hizi hutuleta pamoja. Lakini pia tumeona zikivunja urafiki, na mara nyingi ugomvi huanzia kwa refa.

Jumamosi moja tulikuwa Kawangware, magharibi mwa jiji la Nairobi. Marefa walikuwa wawili, vijana waaminifu kabisa. Mpira ulikuwa kwenye kona na wote wawili wakawa wanautazama. Kumbe chini ya kikapu kijana amepigwa kiwiko mdomoni! Hakuna aliyepuliza filimbi, maana hakuna aliyeona. Wenzake wakapiga kelele, "Hawa wamenunuliwa!" Mechi ikaishia hapo, na vikundi viwili vilivyozoea kusaidiana vikakaa miezi bila kusalimiana.

Hawakuwa wamenunuliwa. Walisimama vibaya tu.

Baadaye tulipanda matatu hadi ukumbi wa michezo wa Uwanja wa Nyayo, karibu na katikati ya jiji, ambako mechi za ligi zimechezwa kwa miaka mingi. Siku hiyo hatukutazama mpira, tulitazama marefa. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Mahali pa kusimama

Mashindano makubwa hutumia marefa watatu, lakini kwa mechi zetu wawili wanatosha. Mmoja ni refa wa mbele. Yeye husimama nje ya mstari wa mwisho, karibu na kikapu kinachoshambuliwa. Kazi yake kubwa ni kuangalia wanaosukumana chini ya kikapu. Wa pili ni refa wa nyuma. Yeye hufuata mchezo kutoka nyuma, akiwa upande wa kushoto, na huangalia mpira ukiwa mbali na kikapu.

Wawili hao husimama pembe kwa pembe, wachezaji wote kumi wakiwa katikati yao. Mmoja akitazama mpira, mwenzake anatazama wasio na mpira. Wakitazama kitu kimoja, mko na refa mmoja tu. Mpira ukigeuka kwenda upande wa pili, aliyekuwa nyuma hukimbia akawa wa mbele, na wa mbele akawa wa nyuma.

Faulo ikipigwa

1. Aliyeona kosa hupuliza filimbi na kuinua ngumi juu. Saa husimamishwa.

2. Huenda mahali ambapo meza ya waandishi wanamwona vizuri, asimame, kisha aonyeshe namba ya mchezaji, aina ya kosa, na adhabu yake. Asiharakishe. Mchezaji akifikisha faulo tano hutoka, kwa hiyo namba ikikosewa atatolewa asiye na hatia.

3. Mwenzake hapigi hatua ya kufuata mpira. Anabaki akiwaangalia wachezaji wote, bila kuwapa mgongo. Huu ndio wakati wa matusi na kusukumana, kwa kuwa kila mtu anatazama mezani.

4. Mchezo ukiendelea upande ule ule, kwa kawaida marefa hubadilishana nafasi: wa mbele huwa wa nyuma, na wa nyuma huwa wa mbele. Lakini kwanza watazamane machoni, wasije wakajikuta wote wamesimama mahali pamoja.

Kwa nini wabadilishane?

Kwanza, refa hakai tena ubavuni mwa mchezaji aliyemwadhibu sasa hivi, na hasira hupoa. Pili, si mtu mmoja anayepiga faulo za chini ya kikapu mchezo mzima, hata timu ikaanza kudhani anaichukia. Tatu, kila refa hupata kuona kutoka upande mwingine yale ambayo mwenzake hakuyaona.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Hata kwenye kikundi, mweka hazina akihesabu, katibu huandika. Wote wakihesabu, nani ataandika?

Jaribuni hivi

Kabla ya mechi ijayo, chagueni vijana wawili. Wachezaji watembee polepole bila kukimbia, na marefa wafuate pembe kwa pembe. Kila baada ya dakika moja kocha apige makofi, wote wasimame kama nguzo. Muulizeni kila refa: "Wewe ulikuwa unamtazama nani?" Wakitaja mchezaji mmoja, rudieni. Kisha zoezeni kutoa habari mezani na kubadilishana.

Zoezi hili halina gharama yoyote. Lingefanywa kule Kawangware, huenda yule kijana angepata mitupo yake ya bure, na vikundi vile viwili vingerudi nyumbani pamoja.